Vokoda: bendi 8 au bendi 32? Maneno hayasikiki

Bendi_Nane: Wakuu, naomba ulinganisho. Vokoda ni kifaa kinachofanya kinanda kitamke maneno ya anayesema, na bendi ni vipande vya masafa ambavyo sauti hugawanywa. Upande mmoja vokoda ya bendi 8 iliyo ndani ya sintesaiza (kinanda cha kielektroniki), upande wa pili programu ya kompyuta yenye bendi 32. Shida ni maneno: ukitamka "shika saa sita" inatoka "ika aa ita". Kinanda kiko kwenye wimbi la mraba (moja ya sauti zake za msingi), akodi zinapigwa juu ya noti C5, release ya vokoda (muda wa sauti kufifia) ni 200 ms.

Fundi_Filta: Usihame bado, mkuu. Bendi 10 zinatosha kabisa kuelewa usemi. SIGSALY, mtambo wa simu za siri uliounganisha Washington na London mwaka 1943, ulipima sauti kwa bendi 10 tu na watu wakaelewana.

Kinachomeza "s" na "sh" ni sauti ya kinanda. Vokoda haiumbi sauti, inafungua na kufunga milango juu ya kile kinanda kinachotoa. Nguvu ya "s" iko juu ya 4 kHz. Hata wimbi la msumeno, lililo tajiri kuliko yote ya kawaida, likipigwa kwenye 110 Hz, harmoniki yake (mtetemo wa juu ulio kizidisho cha noti) ya 50, yaani 5.5 kHz, iko chini ya ile ya kwanza kwa 34 dB. Mlango unafunguka, ndani hamna kitu. Na wimbi la mraba linakosa harmoniki za namba shufwa kabisa.

Weka misumeno miwili iliyopishana kidogo sana kwa tuni, ongeza kelele nyeupe (mchanganyiko wa masafa yote, kama "shhh" ya redio) kama asilimia 10 hadi 15, kisha fungua filta ya kinanda mpaka mwisho. Hili la filta husahaulika mno. Ikiwa nusu, hayo mengine yote ni kazi bure.

Sauti_Kavu: Kuhusu kelele sikubaliani. Ikikaa muda wote kwenye kinanda, "a" na "o" nazo zinapata mkwaruzo kama wa mtu mwenye mafua. Afadhali kupitisha masafa ya juu ya maikrofoni moja kwa moja hadi kwenye toleo. Kwenye sintesaiza ya microKORG ni HPF Level (kiwango cha masafa ya juu yanayopitishwa): anza sifuri, panda taratibu, simama pale "s" inapoanza kusikika. HPF Gate iwashwe ili mvumo wa maikrofoni usipite wakati kinanda hakipigwi.

Fundi_Filta: Kweli, kwa maneno kueleweka njia yako inashinda. Ila ukizidisha, "s" inasikika ya binadamu na irabu za mashine, kama watu wawili. Anayetaka roboti tupu abaki na kelele.

Msumeno_II: Hiyo release ya 200 ms ndiyo inayogandamanisha silabi. Weka attack (muda wa mlango kufunguka) 2 hadi 5 ms, release 30 hadi 50. Release usiishushe chini ya 10 ms: sauti nzito ya 100 Hz hurudia kila 10 ms, kwa hiyo vokoda itaanza kufuata kila mtetemo badala ya silabi, na utasikia mnguruma mbaya.

Tena teremsha akodi. Ukipiga C6, harmoniki zimeachana kwa zaidi ya 1,000 Hz, bendi za chini zote zinabaki tupu. Kati ya C3 na C4 panajaa vizuri. Kwenye noti za juu ndipo bendi 32 zinapoudhi zaidi, maana kila filta ni nyembamba na noti ya juu inaziruka nyingi.

Bendi_Nane: Kwa hiyo 32 hazina kazi?

Msumeno_II: Zinayo. Kwa bendi 8, "i" na "e" zinaweza kukaribiana mno, "pita" na "peta" zikachanganyika. Kwa kuimba maneno mengi, 16 zinatosha. Zaidi ya hapo mtu anasikika kama mwenyewe, ladha ya vokoda inapungua.

Sauti_Kavu: Kabla ya yote hayo, sawazisha maikrofoni. Mdomo sentimita 5 hadi 10, kata chini ya 100 Hz, kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti za ukubwa wa sauti) 4:1 ikipunguza 6 hadi 10 dB. Na vaa hedifoni. Spika ikirudi kwenye maikrofoni, vokoda inaanza kujisikiliza yenyewe, na milango haifungi tena.