Mrejesho: TV ya chogo iliyokuwa inaunguza transista

Wakuu, narudi na mrejesho. Nilileta shida ya TV ya chogo ya mama, inchi 21, inayounguza transista ya horizonto (ile inayoendesha mchoro wa picha kwa upana wa kioo) kila baada ya siku mbili tatu. Mlioniambia nisifunge ya nne kabla ya kupima, asanteni sana.

Niliichomoa transista, nikaweka balbu ya wati 60 iwe mzigo badala yake, kati ya laini ya B+ (umeme mkuu unaoilisha transista hiyo) na grandi: volti 110, zimetulia kabisa. Pawasapulai nzima. Flaibaki, ile transfoma kubwa ya umeme mkali wa kioo, nilikuwa naishuku bure.

Ugonjwa ulikuwa kwenye transfoma ndogo ya draiva, inayopeleka msukumo kwenye transista ya horizonto. Nilipogeuza bodi na kumulika tochi, mguu mmoja ulikuwa umezungukwa na ufa mwembamba kama unywele, ukiugusa, unacheza. Joto likipanda mguso unalegea, transista haipati msukumo wa kutosha kwenye bezi (mguu wake wa kuiwasha na kuizima), inachemka mpaka inapiga shoti. Nikafyonza risasi ya zamani ya kulehemu, nikalehemu upya miguu yote. Kapasita ya jirani ilikuwa imevimba kichwa, nayo nikabadilisha.

Hii ni wiki ya tatu. Jana baada ya kuwaka kwa muda wa saa tatu niliizima, nikachomoa waya ukutani, nikagusa hitisinki (bati la kupoza transista): vuguvugu tu. Mama anaangalia taarifa yake ya habari kila usiku.