Uingereza: mama mkwe kapata kiharusi, msaada wa halmashauri unaanzia wapi?

Mpwani78
Wakuu, tuko England. Mama mkwe kapata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Mke wangu ndiye anayemhudumia. Akiwa zamu ya jioni, binti yetu wa miaka 13 humvalisha na kumpa dawa. Halmashauri ya wilaya wanasema si kazi yao. Akiba ya mama ni pauni 15,000. Tutalipishwa?

Bi Zuhura
Hawajakudanganya, kaka. Penye ngazi mbili za halmashauri, yaani wilaya na kaunti, wilaya hushughulika na mambo kama taka na nyumba. Ustawi wa jamii uko kaunti. Mkazi wa Canterbury, kwa mfano, huomba Kent County Council. London na Birmingham hakuna ngazi hizo mbili: halmashauri ya eneo lako ndiyo inayoshughulikia yote hayo.

Ombeni tathmini mbili kwa mkupuo: ya mama na ya mkeo kama mlezi. Ni haki chini ya sheria ya matunzo, Care Act 2014, bure, bila kujali kipato. Kwenye simu tajeni "needs assessment" na "carer's assessment". Mkisema tu "tunahitaji msaada", mnaweza kuishia kupewa namba za mashirika ya hisani.

Wengi huharibu siku yenyewe ya tathmini. Wazee wetu akija mgeni hujikaza: "Sijambo mwanangu, najiweza." Basi inaandikwa anajitegemea! Kigezo ni kushindwa mambo 2 au zaidi kati ya 10 (kula, kuoga, choo, kuvaa na kadhalika), na hali yake iathirike kwa kiasi kikubwa. Kufanya jambo kwa maumivu makali au kwa muda mrefu kupita kawaida nako huhesabiwa kushindwa. Kwa hiyo msiseme "anavaa mwenyewe" ikiwa vifungo vya blauzi vinamchukua nusu saa kwa mkono mmoja.

Mzee Kombo
Kuhusu pesa: akiba isiyozidi 14,250 haiguswi. Zaidi ya hapo, hadi 23,250, kila pauni 250 huhesabiwa kama kipato cha pauni 1 kwa wiki. Mama kazidisha 750, basi ni pauni 3, juu ya watakachokokotoa kwenye pensheni yake. Akihudumiwa nyumbani, thamani ya nyumba haihesabiwi.

Akiwa na umri wa pensheni, aombe pia Attendance Allowance, posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji kuhudumiwa; haiangalii akiba. Ila kama viza yake inakataza fedha za umma, msiiombe kabla ya kupata ushauri.

Dada Rehema
Mmemruka mtoto. Huyo ni mlezi mdogo kisheria, na halmashauri inapaswa kumtathmini yeye pia. Semeni wazi kwamba anashika dawa. Na msimtumie kama mkalimani siku hiyo: bibi hatataja mambo ya choo mbele ya mjukuu. Ombeni mkalimani mapema, mnapopiga simu.

Mpwani78
Shukrani sana. Na vyuma vya kushikilia bafuni?

Bi Zuhura
Vitajwe kwenye tathmini hiyohiyo. Wakiona anavihitaji, vifaa na marekebisho madogo ya hadi pauni 1,000 ni bure, akiba iwe kiasi gani.