Kinywaji cha usiku wa wachawi wa Pendle: viungo gani vina maana ya kweli, na rangi nimekosea wapi?

Mama Idi

Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Uingereza, katika mji mdogo wa Lancashire ulio chini ya mlima Pendle, na kwa miaka mitatu sasa majirani wa mtaa wetu hukutana jioni ya tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween unaohusishwa na wachawi na mizimu, kula na kunywa pamoja huku watoto wakipita nyumba kwa nyumba. Kwetu usiku huo una uzito wa pekee, kwa sababu tarehe 20 Agosti 1612 watu kumi, wengi wao wa vijiji vinavyouzunguka mlima huu, walinyongwa Lancaster baada ya kutiwa hatiani kwa uchawi, na hadi leo habari zao husimuliwa hapa kana kwamba zilitokea juzi.

Mwaka huu nimepewa kazi ya kutengeneza "kinywaji cha wachawi" cha watu 20, nusu yao wakiwa watoto. Kisiwe na pombe, kwa kuwa baadhi yetu ni Waislamu, na yumo jirani mmoja mwenye ujauzito wa miezi sita. Sitaki kumwaga rangi ya kijani kwenye soda nikaiita uchawi. Ninataka kila kinachoingia bakulini kiwe na maana katika mila za hapa, ili mtoto akiniuliza kwa nini nimekitia niweze kumjibu.

Jumamosi iliyopita nilifanya jaribio likaniharibikia. Nilinunua maua makavu ya bluu ya mmea uitwao Clitoria ternatea, yale yanayosifiwa kwa kubadilisha rangi ya kinywaji, nikayatia gramu 5 moja kwa moja kwenye sufuria ya juisi ya matufaha iliyokuwa jikoni. Bluu sikuiona hata kidogo. Juisi iligeuka zambarau iliyofifia, mfano wa maji yaliyosuuziwa nguo mpya inayochuja, na nilipokamulia limau hakikubadilika kitu.

Ninaomba pia maoni yenu kuhusu mambo matatu mengine. Jirani mmoja anataka tutie barafu kavu ili moshi utoke kwenye bakuli. Mwingine amependekeza tuandike majina ya wale kumi walionyongwa kwenye vikombe, jina moja kila kikombe. Nami nimefikiria kuongeza zafarani na marashi ya waridi, kama kombe, yale maji ya tiba ya kwetu pwani, ili kiwemo kitu cha nyumbani. Mnasemaje?

Mkemia Mstaafu

Mama Idi, maua yako hayana kasoro yoyote. Bluu ile inatokana na rangi za kundi la anthosiani, ambazo hubaki bluu katika maji yasiyo na uchachu, huwa zambarau uchachu unapoongezeka, na huelekea waridi katika uchachu mkali. Juisi ya matufaha ina asidi ya kutosha tangu ikiwa kwenye chupa, kwa hiyo maua yako yalipotumbukia humo yalikwisha kubadilika kabla hujayatazama, na limau halikuwa na la kuongeza. Rangi ya manjano ya juisi nayo ndiyo iliyoifanya zambarau ile ionekane chafu. Rosela tunayokunywa Tanzania ina rangi za kundi hilohilo, lakini kwa kuwa ua lenyewe ni chachu, yenyewe huanza na kumaliza ikiwa nyekundu.

Chemsha maji matupu lita moja, epua, tia gramu 5 za maua, yaache kwa dakika saba hivi, uchuje na upoze. Mimina maji hayo ya bluu kwenye vitrei vya barafu na uyagandishe. Siku ya sherehe tia vipande viwili au vitatu katika kila glasi, kisha mbele ya macho ya mtoto mwenyewe mimina maji ya limau yenye sukari, yaliyochujwa yakawa meupe kabisa. Barafu itakapokuwa ikiyeyuka utaona nyuzi za zambarau zikishuka kutoka kwenye kila kipande hadi glasi nzima igeuke. Mabadiliko ya taratibu namna hiyo yanapendeza kuliko yale ya ghafla.

Jirani mjamzito usimpe kinywaji hicho, kwa kuwa usalama wa maua hayo katika ujauzito haujathibitishwa. Kwake yeye tumia maji ya kabichi nyekundu: katakata robo ya kabichi, mwagia maji ya moto, chuja baada ya dakika tano, na utumie vijiko vichache tu kwa sababu ya harufu. Rangi itabadilika vilevile.

Kuhusu barafu kavu nitasema kwa mkazo. Ile ni hewa ya kabonidioksaidi iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na kipande kidogo kikishikwa kwa mkono au kikimezwa huunguza nyama kama moto. Isiingie katika kikombe cha mtu wala katika bakuli ambalo watu wanachota kwa upawa. Ikiwa ni lazima moshi uwepo, weka bakuli la kinywaji ndani ya beseni kubwa zaidi, tia maji ya uvuguvugu na barafu kavu katika beseni hilo la nje, fungua madirisha, na mtu mzima asimame hapo muda wote. Usiihifadhi katika chombo kilichofungwa kabisa, kwa maana kitapasuka.

Mpishi wa Tanga

Mama Idi, pole kwa jaribio na hongera kwa nia. Mimi nilifanya kazi ya upishi Uingereza kwa miaka kumi na moja, na nadhani umeanza na ua la mbali ilhali kinywaji unachokitafuta kiko hapo ulipo. Waingereza wanacho kinywaji cha zamani cha majira ya baridi kiitwacho lambswool, maana yake sufu ya kondoo, kinachotengenezwa kwa matufaha ya kuokwa yaliyopondwa ndani ya kinywaji cha moto chenye viungo. Wenyewe walitumia bia au saida, yaani pombe ya matufaha. Wewe tumia juisi ya matufaha ile yenye ukungu, ambayo haikuchujwa sana.

Tafuta matufaha ya Bramley, yale makubwa ya kijani ya kupikia. Mti wa kwanza wa aina hiyo ulitokana na mbegu iliyopandwa katika mji wa Southwell, Uingereza, mwaka 1809, na sifa yake ni kwamba likipata moto, nyama yake husambaratika na kuwa laini kama pamba badala ya kubaki vipande. Kwa watu 20 chukua manane. Yakate mstari mwembamba kuzunguka kiuno, yapange kwenye trei, uyaoke katika oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 45 hivi. Utayasikia yakipumua kabla hujayaona. Ganda hupasuka pale ulipokata na nyama nyeupe humwagika nje kama ugali mwepesi uliofurika sufuria. Toa maganda na mioyo, uponde. Wakati huohuo pasha lita nne za juisi pamoja na vijiti vitatu vya mdalasini, karafuu kumi, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba na kungumanga kidogo ya kukwaruza, moto uwe mdogo na juisi isitokote. Chuja, onja, tia sukari ya kahawia kadiri utakavyoona, kisha mimina ile nyama ya matufaha na uipige kwa nguvu kwa kipigio cha mayai. Povu jeupe litapanda juu na kukaa, na hilo ndilo lililokipa kinywaji jina lake.

Sasa maana. Tufaha pekee linatosha kubeba usiku mzima. Ukilikata kwa upana, si kutoka kikonyoni kwenda chini, utaona vyumba vya mbegu vimepangika kuwa nyota ya pembe tano, na nyota hiyo ndiyo alama ya watu wa hapo wanaojiita wachawi leo, wafuasi wa dini ya Wicca, iliyojitokeza hadharani baada ya sheria ya uchawi ya Uingereza kufutwa mwaka 1951. Isitoshe, zamani wasichana walimenya tufaha usiku huohuo kwa ganda moja refu lisilokatika, wakalitupa nyuma ya bega, na herufi iliyojichora sakafuni ikawa ya kwanza ya jina la mume atakayekuja. Wape watoto kisu butu waujaribu mchezo huo.

Cha pili ni rozimari. Nicholas Culpeper, tabibu wa mitishamba wa London aliyefariki mwaka 1654, aliuweka mmea huo chini ya utawala wa Jua, lakini kwa watu wa kawaida ulikuwa mmea wa ukumbusho, uliobebwa harusini na mazishini pia. Shina moja dogo juu ya povu la kila kikombe linatosha. Usiuchemshe humo, utakuwa mchungu.

Ujue pia kwamba mimea mingi ambayo maduka huiuza leo kama mimea ya wachawi ilitumiwa na wanavijiji ili kuwafukuza wachawi. Mfano mzuri ni mti wa rowani: matawi yake yalifungwa msalaba kwa uzi mwekundu na kuning'inizwa mlangoni au zizini, na tunda lake dogo jekundu lina kijinyota cha pembe tano chini yake. Matunda hayo yakiwa mabichi huchafua tumbo, kwa hiyo funga tawi kwenye mkono wa bakuli na uwaambie watoto wasile. Matunda ya mti wa elda nayo usiyatie mabichi, yana sumu mpaka yapikwe. Na majani ya pakanga, ambayo wengine watakushauri uyatie kwa ajili ya ndoto, yaache kabisa kwa sababu ya yule mjamzito.

Kama utatumia asali badala ya sukari, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe.

Bint Pemba

Assalaam alaykum Mama Idi. Nitajibu moja tu, la kombe, na ninaomba ulipokee kwa upendo. Nilipokuwa mdogo nikiugua homa, babu yangu aliandika aya za Qur'ani kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe, akaosha maandishi yale kwa maji yenye marashi ya waridi, nikanyweshwa kwa bismillahi huku mama amenishika kichwa. Mgonjwa huinywa kwa kutaraji shifaa, na aliyeiandika alitawadha kwanza. Ukiita bakuli la Halloween kombe, hata kama nia yako ni njema, jirani zako Waislamu watakaokuelewa wataumia, na wasioelewa watadhani kombe ni uchawi, jambo ambalo si kweli na ambalo tumechoka kulisikia.

Zafarani na waridi si haramu jikoni, tunazitia katika halua na maziwa. Lakini usiku huo ziache. Kitu cha nyumbani unacho tayari katika mapishi aliyokupa Mpishi: zile karafuu kumi. Waulize watoto zimetoka wapi, kisha waoneshe Unguja na Pemba kwenye ramani.

Mwalimu wa Kahama

Mama Idi, shikamoo. Mimi ninataka kusema juu ya majina kwenye vikombe.

Kesi ya Pendle ilianza tarehe 18 Machi 1612, msichana Alizon Device alipomwomba mchuuzi John Law pini njiani karibu na mji wa Colne. Mchuuzi alikataa, muda mfupi baadaye akaanguka na upande mmoja wa mwili ukapooza, na msichana mwenyewe aliamini kwamba ni yeye aliyemdhuru. Familia yake ilikuwa ya watu maskini sana, wanaoishi kwa kuombaomba na kutibu mifugo, na bibi yake mzee alifia gerezani kabla ya hukumu. Mtoto wa familia hiyohiyo aliyetoa ushahidi mahakamani dhidi ya mama yake mzazi alikuwa na umri wa miaka tisa hivi.

Ninaandika haya nikiwa Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo ni mekundu kwa sababu wamepikia kuni na samadi maisha yao yote ndani ya nyumba zisizo na dirisha. Mmoja alikuwa jirani wa familia yetu. Alinifundisha kusuka ukili. Kwa hiyo naomba sana, jina la mtu aliyenyongwa lisiandikwe kwenye kikombe kitakachotupwa kwenye pipa la taka saa nne usiku. Mkitaka kuwataja, wekeni rozimari, mtu mmoja ayasome majina yote kumi kwa sauti kabla ya kunywa, na watoto waambiwe kwamba hawa walikuwa watu wa hapa.

Mama Idi

Marahaba Mwalimu, na asanteni nyote. Bint Pemba, nimekuelewa, na ninaomba radhi kwa kuliandika neno lile kwa wepesi.

Jana usiku nilipika nusu ya kipimo cha Mpishi. Matufaha yalipasuka dakika ya 38, na povu lilisimama muda wa kutosha kwa kila mtu nyumbani kunywa akiwa na masharubu meupe. Barafu ya bluu nayo imekubali: Idi alikaa mbele ya glasi moja bila kunyanyuka mpaka ikageuka yote. Barafu kavu tumeiacha.

Nilimpigia simu jirani aliyetoa wazo la vikombe nikamsomea ujumbe wa Mwalimu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema bibi yake alizaliwa Colne na kwamba majina hayo atayasoma yeye. Leo mchana nimekata mashina 20 ya rozimari bustanini kwake, na mti wa rowani uliopo mwisho wa mtaa bado una matunda.