MREJESHO: Inverta kuzima friji ikiwaka (sola + upepo, Singida)

Wakuu, swali lilikuwa: kwa nini inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya 3 kW inazima usiku friji ikiwaka, ilhali betri zinasoma 24.6 V? Mfumo ni paneli 4 za wati 300, turbini ya upepo ya wati 500 na betri 2 za 12 V 200 Ah kwa mfululizo (jumla 24 V).

Aliyesema nipime volti pande zote mbili, kwenye betri na kwenye inverta, wakati kompresa ya friji inaanza alikuwa sahihi. Kwenye betri ilishuka hadi 23.6 V, kwenye inverta 21.7 V, na inverta hukata ikifika 22. Karibu volti 2 zinapotelea njiani! Waya wa kutoka betri hadi inverta ulikuwa 10 mm², mita 4 kwenda na 4 kurudi. Kompresa ikianza unavuta kama ampea 80, na huo peke yake unakula volti 1.1. Zilizobaki zilikuwa kwenye lagi (kichwa cha chuma cha kuunganishia waya) iliyobanwa kwa koleo, nyeusi kwa joto.

Sasa ni 50 mm², mita 1.5 kila upande, lagi za kubana kwa mashine, fyuzi ya DC ya 175 A karibu na chanya ya betri. Friji inawaka bila shida.

Kuhusu turbini: msiipitishe kwenye kontrola ya sola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri). Betri zikijaa kontrola hukata, turbini inabaki bila mzigo, inazunguka kupita kiasi na volti zake zinapanda hadi kuunguza vifaa. Nimeweka kontrola yake yenye rizista ya 1.5 Ω ya kumwagia umeme wa ziada; kwa 28 V inameza wati 520 hivi. Inachemka kweli, ifungwe ukutani kwenye zege, mbali na mbao.