Naomba ushauri: wanafunzi 93, wanaouliza ni kumi tu

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha baiolojia kidato cha pili hapa Busia, Uganda. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze 2020, tunatakiwa kumwacha mwanafunzi aulize, achunguze na kutafuta jibu mwenyewe. Naupenda mno mtindo huu. Juzi niliwauliza kwa nini maharage yaliyooteshwa gizani yamerefuka lakini yamepauka. Wakabishana hadi kengele ikalia! Ila wanaosema ni wale wale kumi. Waoga, hasa wasichana wanaokaa nyuma, wananakili tu. Vikundi vya watu tisa tisa vimenishinda. Nyinyi mnagawaje kazi ili kila mmoja awe na lake? Na mtoto aliyenyamaza, alama za mradi mnampaje kwa haki?