Tupeane uzoefu: uliishindaje hofu ya buibui nyumbani?

Mama wa Kiamunyi, Nakuru
Wapendwa, naomba tupeane uzoefu kuhusu hofu ya buibui ndani ya nyumba. Sisemi kutowapenda tu. Nasema ile hofu ya kushindwa kuingia bafuni usiku, ya kukaa macho ukichungulia pembe ya dari, ya kumgongea jirani saa nne usiku aje akutolee mmoja. Nimekua nayo na nimeivumilia miaka yote. Kilichonifanya niandike ni binti yangu wa gredi ya pili. Siku hizi akiona utando anasimama mlangoni, kisha ananitazama mimi usoni kabla hajaamua aogope au la. Sitaki arithi hili. Nyumba yetu ni ya zamani, dari ni ya mbao na maua yamefika dirishani, kwa hivyo buibui hawataisha. Aliyepitia haya, au anayeishi na mtu wa namna hii, atueleze alifanya nini. Ombi moja tu: msitume picha.

Jirani wa Dunga, Kisumu
Pole sana dada. Sisi wa kando ya ziwa tunawajua hawa. Wadudu wa ziwani wakiinuka juu ya maji kama moshi, jioni hiyo wote wanakimbilia taa za nyumba, na buibui wanafuata chakula chao. Mke wangu alikuwa halali. Mwishowe tuliacha kupigana na buibui, tukashughulikia taa. Balbu nyeupe ya veranda tukaibadilisha na ya njano, tena tukaihamisha mbali na mlango. Fundi akapiga wavu madirishani na kuweka mpira chini ya mlango. Kila Jumamosi natoa tandabui kwa ufagio mrefu, na jicho langu liko hasa kwenye vile vifuko vya mayai, maana kimoja kikipasuka unapata watoto chungu nzima. Bado wapo, lakini wengi wao sasa wako nje.

Kuhusu dawa ya kupuliza, kwetu haikusaidia. Inamfukuza buibui mafichoni, anatoka akiyumba katikati ya chumba, na kwa mtu mwenye hofu hakuna kitu kibaya kuliko hicho.

Mwalimu wa Webuye
Nashukuru umeanzisha mada hii, mama. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu na nina hofu hiyo hiyo. Huku kwetu mwanamume hasemi. Stoo ya kuni na mahindi ndiyo ilikuwa inanitesa, pamoja na gambuti zinazolala nje. Nilipomwambia mke wangu waziwazi, alinielewa mara moja. Sasa gambuti zinaning'inizwa zikiangalia chini, na kabla ya kuvaa nazikung'uta. Kuni tumezitenga na ukuta wa nyumba. Kusema tu kulinipunguzia nusu ya mzigo, kwa sababu nusu ya kazi ilikuwa kuficha.

Mkaazi wa Mbita
Nami nichangie, kwa kuwa huku kwetu kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, na buibui wetu mmoja amejulikana duniani kote. Ni yule mdogo anayeruka, wa kama milimita tano, anayekaa kwenye kuta za nyumba na mashina ya miti. Wanasayansi walimpa jina Evarcha culicivora mwaka 2003. Hasuki utando wa kunasa, anawinda kwa macho. Anachokipenda zaidi ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu, hasa Anofelesi, yule anayeeneza malaria. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba anavutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na watu, na ni harufu hiyo hiyo inayomvuta mbu.

Nilipojifunza hayo, macho yangu yalibadilika. Dada yangu mkubwa alikuwa akiona kitu chochote chenye miguu minane anapiga kelele. Sasa anaweza kumtambua yule mdogo anayeruka na kumwacha ukutani. Hao wengine bado anawaogopa. Na tafadhali msiache kutumia neti, buibui hatoshi kuzuia malaria.

Nesi wa Kakamega
Mama wa Kiamunyi, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nilianza kama wewe. Nitasema kirefu kidogo.

Hofu hii hulishwa na kukimbia. Ukikimbia unapata nafuu papo hapo, na akili inajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kesho itakukimbiza mapema zaidi. Dawa yake ni kukaribia, lakini kidogo kidogo, na wewe mwenyewe ndiye mwenye usukani. Mimi nilianza kwa kuchora buibui kwenye karatasi. Ikaja picha ndogo isiyo na rangi, kisha ya rangi, kisha video. Baadaye mume wangu aliweka aliyekufa ndani ya chupa ya jemu upande wa pili wa meza. Nikaisogeza chupa siku kwa siku. Halafu akaja aliye hai, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Kanuni ni kwamba usiondoke hofu ikiwa kileleni. Moyo utapiga, mikono itatoa jasho, ukikaa palepale vinashuka vyenyewe. Ukihisi vimeshuka, hapo ndipo unapoinuka. Hatua ikikulemea, rudi kwenye ile ya kabla yake, si mwanzoni kabisa. Kuna mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, aliyechapisha mwaka 1989 matokeo ya tiba ya aina hii inayofanywa kwa kikao kimoja kisichozidi saa tatu, na wengi wa waliotibiwa walipata nafuu kubwa. Kwa hivyo si jambo la kubeba hadi kaburini. Kama hofu inakuzuia kulala au kufanya kazi, tafuta mtaalamu akushike mkono.

Na ndugu zangu mnaoishi na mtu wa hivi, msimrushie buibui mkidai mnamzoesha. Mtu akishtushwa bila ridhaa yake hofu inakua, na imani yake kwenu inavunjika. Hili linaniuma kwa sababu nalisikia mara nyingi.

Binti wa Kaloleni, Kisumu
Bibi yangu hakuturuhusu kuua buibui. Alikuwa akitusimulia kisa cha pango la Thawr karibu na Makka, Mtume Muhammad alipojificha na rafiki yake Abubakar, buibui akasuka utando mlangoni na maadui wakapita. Tulikua tukimwona kama mgeni wa heshima. Hofu haikupata nafasi kwetu, naamini ni kwa sababu ya kile tulichosikia kwanza.

Mhudumu wa afya, Njoro
Nyongeza fupi. Watu wengi huamka na lengelenge au mstari mwekundu unaochoma shingoni na kusema "buibui amenikojolea". Mara nyingi, hasa wakati wa mvua, ni Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Yeye ni mbawakawa, si buibui, wala haumi. Ukimponda kwenye ngozi, sumu yake ndiyo inayochoma. Mpulize aondoke, na ukishamgusa nawa kwa sabuni na maji bila kujifuta machoni. Nasema hivi kwa kuwa nimeona watu ambao hofu yao ya buibui ilianza na kidonda ambacho buibui hakukifanya.

Wale buibui bapa wanaokimbia ukutani usiku na kujificha nyuma ya kalenda wanatafuta wadudu, hawakutafuti wewe. Ila ukikuta buibui mkubwa mwenye manyoya shambani, kwenye shimo lake, mwache na usiingize mkono.

Mama wa Kiamunyi, Nakuru
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mungu awabariki. Nesi, nina maswali mawili. Mtoto nimfiche hofu yangu? Na usiku nikiwa peke yangu naye, buibui akiwa bafuni, nifanyeje kabla sijafika hatua ya chupa?

Nesi wa Kakamega
Usimfiche, dada, maana ameshaiona. Mwambie kwa sauti ya kawaida: "Mama anaogopa kidogo, lakini anajifunza." Mwacheni achore nawe, watoto hupenda kuchora. Akitaka kukutangulia hatua moja, usimzuie.

Kuhusu bafuni: weka hapo nje ya mlango glasi pana inayoonekana ndani na kadi ngumu, hata ile ya mchango wa harusi. Akiwa ukutani, mfunike taratibu kwa glasi, pitisha kadi nyuma yake, mpeleke nje hadi kwenye maua. Wiki hizi za kwanza si lazima umbebe. Akiwa sakafuni, mfunike tu, rudi nyuma hatua mbili, simama hapo hadi moyo utulie, halafu oga. Jirani atamtoa asubuhi.