Cyclone Taylor: msaliti wa Ottawa au mtu aliyejua bei yake?

Mtoa mada: Wakuu, kuna mchangiaji aliandika juzi kwamba wachezaji wa zamani walicheza kwa mapenzi tu, pesa ndiyo imekuja kuharibu michezo. Huyo hajamsikia Fred Taylor, "Cyclone", yaani Kimbunga, mcheza hoki ya barafu aliyekulia Listowel, Ontario, nchini Kanada.

Akiwa kijana, viongozi wa hoki ya ridhaa Ontario walimtaka achezee timu ya Toronto Marlboros. Akagoma, wakamfungia. Msimu mzima hakucheza. Yaani halipwi hata senti, lakini kuna mtu ofisini anaamua acheze wapi! Akaishia Houghton, Michigan, kwenye ligi iliyolipa wachezaji waziwazi. Mwaka 1907 timu ya Ottawa wakamchukua, na kazi serikalini akapata, Idara ya Uhamiaji. Mwaka 1909 akabeba nao Kombe la Stanley, taji kubwa la hoki ya barafu.

Halafu akahama. Ukoo wa O'Brien, matajiri wa reli na migodi ya fedha, walikuwa na timu Renfrew, mji mdogo tu wa viwanda vya maziwa. Inatajwa walimpa dola 5,250 kwa mechi 12. Ty Cobb, mfalme wa besiboli Marekani, alikuwa kwenye 6,500 kwa mechi 154. Piga hesabu mwenyewe. Aliporudi Ottawa na jezi ya Renfrew walimzomea hadi basi. Mimi nasema alikuwa sahihi. Pingeni.

Mzee wa Jukwaani: Napinga. Ottawa walimpa jina, kombe na ajira. Na hao Renfrew wamechukua kombe gani? Hakuna. Baada ya msimu wa 1911 timu ikafa. Pesa ya tajiri haijengi klabu.

Mtoa mada: Mzee wangu, shikamoo, ila hapo umewaruka wenye timu. Msimu mmoja tu baada ya ule wa kwanza wa Taylor Renfrew, ligi iliweka kikomo cha mishahara: dola 5,000 kwa timu nzima. Timu nzima, mzee! Chini ya alichopata mtu mmoja mwaka uliotangulia. Wachezaji wakatishia kuanzisha ligi yao. Mwenye timu akibana matumizi anaitwa mwenye busara, mchezaji akihamia penye malisho anaitwa msaliti?

Mzee wa Jukwaani: Marahaba. Hoja naiona, ila shabiki aliyelipa kiingilio naye ana moyo.

Binti Kisumu: Nyote mnabishania mshahara. Taylor alihamia Vancouver, akabeba kombe tena 1915, huku bado ni afisa uhamiaji. Mei 1914 meli ya Komagata Maru ilifika pale na abiria 376, wengi Masingasinga wa Punjab. Taylor alikuwa miongoni mwa maafisa wa kwanza kuipanda. Walizuiwa majini miezi miwili, karibu wote wakarudishwa, na walipofika India wengine wakapigwa risasi. Serikali ya Kanada iliomba radhi bungeni 2016. Huku kwetu Wapunjabi ndio waliotandika reli, kwa hiyo habari hii inanigusa. Mtu aliyepigania uhuru wa kwenda anakotaka!

Mtoa mada: Dada, hapo umenikamata. Sheria ya kuwazuia hakuitunga yeye, lakini sitajificha nyuma ya hilo, maana Marlboros aliweza kuwakatalia. Kwenye mshahara sirudi nyuma. Kwenye meli, sina utetezi.